Waridi la Jangwani na Kata ya Maji

Katika Ukambani maji hayana mzaha. Mtoto hufundishwa kuyatunza kabla hajafundishwa kuhesabu fedha, na mtu anayeyamwaga ovyo mbele ya wageni huonekana kama aliyemwaga unga. Kwa hiyo ukimwambia mwenyeji wa Mitaboni kwamba uko mmea ambao kuunywesha maji kila siku ndiko kuuua, atakutazama kama mtu aletaye mafumbo. Lakini mmea huo uko, nao huitwa waridi la jangwani. Siku hizi huonekana katika baraza za nyumba nyingi, pwani na bara, mijini na vijijini. Watu huununua kwa ajili ya maua yake. Na wengi huutupa kabla ya mwaka kwisha, wakiisha kuona majani yake yamegeuka rangi ya manjano wasijue kisa chake.

Mzee mmoja wa Mitaboni, mwalimu mstaafu, aliupata mmea wa namna hii mwezi wa Januari mwaka 2023. Hakuununua. Aliachiwa na binti yake, aliyekuwa akifanya kazi ya hoteli huko Voi, na ambaye sasa alikuwa amepata kazi ya nyumbani katika mji wa Salalah, nchi ya Oman, kwa mkataba wa miaka miwili. Jioni ya kuagana, baada ya sala na chai, binti aliuweka mmea ule barazani, umo ndani ya mkebe, una maua matano mekundu, akasema, "Baba, nitunzieni huu mpaka nirudi." Hakusema zaidi, kwa kuwa gari lilikuwa linangoja.

Mama yake hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kila asubuhi, akiisha kuwatupia kuku mtama, alichota kata moja ya maji akaimimina ndani ya mkebe. Alipoulizwa na mumewe kama kata nzima haizidi, alijibu kwamba mtoto halishwi mara moja kwa wiki. Mzee alinyamaza. Ilikuwa wazi kwamba mkewe hakuwa akizungumza juu ya mmea.

Yafaa kwanza kuueleza mmea wenyewe. Waridi la jangwani si waridi hata kidogo, ila jina tu. Wataalamu huuita Adenium obesum. Neno la kwanza latokana na Aden, mji wa bandari wa Yemen, na la pili maana yake ni "nene", kwa sababu ya shina lake lililovimba chini kama kibuyu. Aliyeuandika kwanza katika vitabu vya elimu ya mimea alikuwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyekwenda Arabuni katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark mwaka 1761. Bwana huyu alifia Yemen kwa homa mwaka 1763, na maandiko yake yakachapishwa na mwenzake Niebuhr mwaka 1775. Lakini mmea haukungoja kuandikwa. Tangu zamani umeota wenyewe katika nchi kavu, toka Afrika Magharibi hadi Afrika Mashariki na ng'ambo ya bahari mpaka Yemen na milima ya Dhofar. Hapa Kenya, msafiri wa barabara ya Mombasa aweza kuuona katika nyika ya Tsavo wakati wa ukame: kichaka cheusi kisicho na jani hata moja, kimejaa maua mekundu na ya waridi, kana kwamba mtu ameyafunga kwa mkono.

Kibuyu kile cha shina ndiyo ghala yake. Mvua ikinyesha, mmea hujaza maji humo. Kiangazi kikija, huangusha majani ili usipoteze unyevu, ukaishi kwa akiba. Jambo hili ndilo ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Mwenye ghala iliyojaa hana haja ya kulishwa kila siku, na mizizi yake haikuumbwa kukaa katika tope.

Tena yapasa kuonya. Utomvu mweupe wa mmea huu ni sumu inayoushika moyo, na katika sehemu kadhaa za Afrika umetumiwa kutia mishale. Wakamba hawatashangaa, kwa maana kivai, mti ambao wazee wao walipika sumu ya mishale iliyowapa sifa, ni wa ukoo mmoja na waridi la jangwani. Basi mmea huu usiwekwe mahali ambapo mtoto mdogo atautafuna, wala mbuzi kuufikia. Kila mtu anayeukata na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula, na kisu kile kisirudishwe jikoni kabla hakijaoshwa vizuri.

Sasa turudi Mitaboni. Mwezi wa Februari na Machi mmea ule ulistawi. Jua lilikuwa kali, maji ya kata yalikauka kabla ya jioni, na makosa yalifichwa na joto. Kisha zikaja mvua za masika, nayo kata haikukoma. Kisha ukaja mwezi wa Juni. Wanaoijua Mitaboni wanajua hali yake wakati huo: mawingu hutanda juu ya vilima vya Iveti, jua huonekana saa chache tu, na usiku watu hulala na blanketi mbili. Mji wa Machakos uko mita 1,600 hivi juu ya bahari. Voi haifiki hata nusu ya hapo. Mmea uliozaliwa katika joto la Voi ulikuwa sasa umekaa katika baridi, na miguu yake imo majini.

Mwanzoni mwa Julai jani moja la chini likawa manjano, likaanguka. Mama akaongeza maji. Baada ya wiki moja yakaanguka sita. Akaongeza samadi ya kuku, mbichi, kiganja kizima. Kufika katikati ya mwezi majani yote yalikuwa yamepauka kama karatasi ya zamani. Na ikawa kwamba katika siku zile zile simu ya binti ilinyamaza. Alikuwa na desturi ya kupiga kila Jumapili baada ya ibada; Jumapili mbili zikapita kimya. Mama hakusema neno, lakini kila asubuhi alihesabu majani yaliyobaki. Mzee ni mtu wa shule na wa kanisa, haamini ndege wala ndoto. Hata hivyo usiku wa Jumapili ya pili alitoka na tochi akautazama mkebe ule, akasimama hapo kwa muda mrefu.

Kesho yake aliuchukua ndani ya kikapu, akaenda nao kwa mama mmoja mwenye kitalu cha miche kando ya barabara ya Machakos. Mama yule hakuuliza maswali mengi. Alibonyeza shina kwa kidole gumba. Kisha alichomeka kijiti katika udongo mpaka chini, akakichomoa, akakinusa. Akasema, "Mwalimu, huu hauna njaa wala kiu. Huu umezama."

Mzee aliona haya, akauliza mtu atajuaje. Majibu aliyopewa yastahili kuandikwa, maana manjano ya majani ni kama homa kwa mwanadamu: ni dalili, si ugonjwa wenyewe, na anayetibu homa zote kwa dawa moja huua wengi.

Kwanza, kuna manjano yasiyo na kosa. Majani machache ya chini, yaliyozeeka, hugeuka na kuanguka moja moja, huku ncha ya tawi ikiendelea kutoa machipukizi na shina likiwa gumu. Hayo ni uzee tu. Kadhalika wakati wa baridi, usiku unapokaribia nyuzi 10 za Selsiasi, mmea huacha kukua na waweza kuangusha majani yote. Huo ni usingizi. Usiuamshe kwa maji wala kwa mbolea.

Pili, kuna manjano ya maji mengi, na haya ndiyo yauayo mimea mingi kuliko mengine. Majani mengi hugeuka kwa pamoja, udongo ni mbichi, na shina likibonyezwa hulegea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kijiti kikitoka na tope na harufu ya kuoza, mizizi imekwisha kuharibika.

Tatu, kuna manjano ya kiu. Hapa pia shina hulegea na kukunjamana, na kwa sababu hiyo watu hukosea. Tofauti iko katika udongo. Shina laini katika udongo mkavu laomba maji. Shina laini katika udongo mbichi laomba kisu. Mtu asiyegusa udongo kabla ya kumimina maji anabahatisha.

Nne, kuna manjano ya njaa. Majani ya zamani yakipauka sawasawa mpaka kwenye mishipa, na mmea haujabadilishiwa udongo kwa miaka miwili au mitatu, huenda umekosa naitrojeni. Mboji iliyooza vizuri, kidogo, wakati wa joto, yatosha. Yakiwa ni majani machanga yaliyo manjano na mishipa yao imebaki kijani, mara nyingi mmea hauwezi kuipata chuma iliyomo udongoni, kwa sababu ya chokaa, saruji au majivu mengi. Wengi humwaga majivu ya jiko katika mikebe wakidhani ni mbolea ya kila kitu. Wakizidisha, huufunga mlango badala ya kuufungua.

Tano, kuna manjano ya wadudu. Geuza jani utazame upande wa chini. Madoadoa madogo sana na nyuzi nyembamba kama za buibui ni alama za utitiri mwekundu, ambao hupenda joto kavu. Vidukari vya rangi ya manjano hukusanyika kwenye machipukizi na vitumba vya maua. Wako pia wadudu weupe kama vipande vya pamba, wanaojificha kwenye makwapa ya majani. Wote hao waoshwe kwa maji ya nguvu, kisha jioni majani yapanguswe kwa maji yenye sabuni kidogo, na kurudia baada ya siku chache. Usifanye hivyo jua la mchana likiwaka, maana majani yataungua.

Sita, kuna manjano ya kukosa jua. Mmea huu hutaka jua si chini ya saa sita kwa siku. Ukiwekwa sebuleni karibu na televisheni ili wageni wauone, utapauka. Lakini ukitolewa ndani usitupwe juani siku hiyo hiyo. Uzoeshwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au mbili, usije ukaungua.

Baada ya kusema hayo, mama wa kitalu aliung'oa mmea mkebeni. Mkebe haukuwa na tundu hata moja. Nusu ya mizizi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, ikivutwa inaachia kama uzi uliooza. Aliiosha, akachoma kisu motoni, akakata yote yaliyooza, na kipande cha kibuyu chenyewe, akirudi na kurudi mpaka nyama nyeupe ilipoonekana safi pande zote. Kila baada ya kukata aliufuta ubapa wa kisu, ili uozo usihamishwe. Kisha akapaka jivu jembamba kwenye kidonda, akaurudisha kikapuni ukiwa uchi, bila udongo, bila maji. Akaagiza uninginizwe kivulini penye upepo kwa siku kumi, mpaka kidonda kikauke na kufanya ngozi.

Siku kumi! Mzee alipofika nyumbani na habari hiyo, mkewe alilia. Aliona kwamba kitu cha mwanawe kimekatwa nusu, na sasa chaning'inizwa kama nyama. Lakini hakukigusa.

Siku ya kumi na moja waliupanda. Safari hii chombo kilikuwa chungu kipana chenye matundu chini, na ndani yake si udongo mweusi wa shamba peke yake, bali sehemu moja ya udongo wenye mboji, na sehemu mbili za mchanga mkubwa uliooshwa, uliochanganywa na vipande vya mkaa. Mchanga wa kufanyia hivyo ni wa ndoo moja tu, na ndoo moja yatosha. Katika nchi yetu mchanga wa mtoni ni ghala ya maji ya watu, wala si mali ya kuzolewa kwa malori. Baada ya kupanda wakakaa wiki moja bila kutia maji, kisha wakatia kidogo, kisha wakangoja mpaka udongo ukauke kabisa kabla ya kutia tena. Kanuni waliyopewa ilikuwa hiyo moja: ukitia, tia mpaka maji yatoke chini; ukiisha kutia, usitie tena mpaka pakauke. Na wakati wa baridi, mmea usipokuwa na majani, usitie karibu kabisa.

Hapa mtu aweza kuona kwa nini jambo hili lilikuwa gumu Mitaboni kuliko mahali pengine. Watu wa Machakos wamefundishwa kwa taabu kuyashika maji. Katika miaka ya 1930 vilima vyao vilikuwa vimechunwa na mmomonyoko, na ugomvi juu ya ardhi na mifugo ulifika mahali ambapo, mwaka 1938, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba mpaka Nairobi kudai ng'ombe zao, akahamishiwa Lamu kwa sababu hiyo. Baada ya hapo watu walichimba matuta, kilima kwa kilima, kizazi kwa kizazi. Namna moja ya matuta yao, ile ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, huitwa "fanya juu" hata katika vitabu vya wataalamu wa nchi za nje. Na mwaka 1994 kilitoka kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki kilichoonyesha jinsi watu wa Machakos walivyoongezeka na mmomonyoko ukapungua. Mtu aliyelelewa katika kazi hiyo huona kila tone linaloponyoka kuwa hasara. Kumwambia atoboe chombo ili maji yaondoke ni kumtaka aache hekima ya babu zake. Lakini hekima si kufanya jambo moja mahali pote. Mahindi huomba maji yakae. Waridi la jangwani huomba maji yapite. Mkulima mwema huuliza mmea kabla ya kuuamuru.

Mwezi wa Agosti ulipita, na Septemba ukapita, na chunguni hapakuwa na kitu ila kisiki cha rangi ya kijivu. Majirani walishauri kitupwe. Mama aliamka kila asubuhi, akawatupia kuku mtama, akasimama mbele ya chungu, akaenda zake. Mzee husema kwamba katika maisha yao ya ndoa hajamwona mkewe akifanya kazi nzito kuliko ile ya kutofanya kitu.

Binti naye alikwisha piga simu. Simu yake ilikuwa imeharibika, na ilimbidi angoje mshahara ili anunue nyingine. Hawakumwambia habari za mmea, wakiogopa kumtia huzuni. Ni yeye aliyeanza, siku moja ya Oktoba. Alisema kwamba tajiri wake aliwachukua kwenda milimani nje ya mji, na huko aliyaona mawaridi yale yale ya Voi, makubwa kuliko mtu, yameota kwenye miamba isiyo na udongo wa kutosha kujaza kikombe. "Mama," alisema, "hakuna anayeyatia maji. Nilipoyaona nilijisikia kama niko karibu na nyumbani." Mama alimjibu kwamba ule wa kwao upo, unapumzika.

Katika wiki ya mwisho ya Oktoba, joto liliporudi na kabla tone la kwanza la vuli halijaanguka, vilionekana vidoa vitatu vya kijani juu ya kisiki, vidogo kama punje za ulezi. Mama hakukimbilia kata. Aliingiza kidole chake udongoni mpaka fundo la pili, akaona pamekauka, ndipo akatia maji, akasubiri mpaka yalipotokea chini ya chungu, akaacha.

Binti alirudi mwanzoni mwa mwaka 2025, mkataba ulipokwisha. Alikuwa amekonda, na baadhi ya mambo ya huko hakuyasimulia. Aliukuta mmea barazani una maua mawili, si matano, na ubavu mmoja wa kibuyu chake una kovu pana lililoingia ndani. Aliligusa kovu lile akauliza ni nani aliyeukata. Mama akasema, "Mimi niliuzamisha, baba yako akaupeleka kukatwa." Binti alicheka, kisha akanyamaza, akamwomba mama yake akae naye hapo barazani.

Tangu siku hizo ganda moja refu, lenye umbo la pembe, limezaa katika mmea ule. Walilifunga kwa uzi kabla halijapasuka, maana mbegu zake zina manyoya ncha zote mbili na hupeperushwa na upepo. Mbegu mbichi huota upesi, nyingi kabla ya siku kumi, na mche uliotoka katika mbegu ndio ufanyao kibuyu kizuri. Tawi lililokatwa na kupandwa hushika mizizi, lakini mara chache hunenepa vile. Mtu anayeutaka mmea huu basi na aupate kwa njia hiyo, au katika vitalu, wala asiende nyikani na jembe kung'oa mmea uliochukua miaka mingi kujaza ghala yake.

Miche saba imekwisha gawiwa majirani. Kila anayepewa hupewa na onyo moja kutoka kwa mama mwenyewe, naye huonyesha kata iliyotundikwa ukutani: kwanza kidole, ndipo kata. Wahenga walisema kila mlango na ufunguo wake. Wengi wetu twapenda kwa mkono mmoja tu, ule unaotoa. Na kuna wanaohitaji zaidi mkono unaojua kungoja.